Tuzo ya Rais kwa binti wa Kidato cha Pili: jibu la mwalimu anayeisimamia

Dada, umeuliza mambo mawili: kama Tuzo ya Rais, mpango wa vijana kujikuza nje ya masomo ya darasani, itamlia binti yako muda wa masomo, na ina faida gani ikiwa hakuna mshindi wala pesa. Nimeisimamia kwa miaka mingi katika shule ya bweni hapa Kenya, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Muda kwanza. Ngazi ya kwanza ni Shaba, na huanza mtoto akifika miaka 14. Kila wiki ana mambo matatu: huduma kwa jamii, ujuzi, na mazoezi ya mwili. Kila moja linataka wastani wa saa moja kwa wiki kwa miezi 3, kisha huchagua moja aliendeleze miezi 3 mingine. Kwetu saa hizo huingia kwenye kipindi cha michezo na vyama, hazigusi masomo ya jioni. Akiwa na 15 anaruhusiwa kuanzia Fedha, ngazi ya pili, ila asiyepitia Shaba hudaiwa miezi 12 badala ya 6 katika moja ya mambo hayo, na hiyo itamfuata mpaka Kidato cha Tatu. Mwambie aanze na Shaba sasa.

Wengi wanaoachia njiani hukwama kwenye kuandika kumbukumbu za kazi yao. Mtoto anafanya kazi vizuri, haandiki, kisha mwisho wa muhula anajaribu kukumbuka alifanya nini wiki ya tatu. Aandike siku ileile, na anayemsimamia athibitishe.

Kuhusu faida. Mwanamfalme Philip, mume wa Malkia Elizabeth wa Pili, alipoanzisha tuzo hii Uingereza mwaka 1956, akisaidiana na mwalimu Kurt Hahn, alikusudia isiwe mashindano, na Kenya ilipoichukua mwaka 1966 msingi huo ulibaki. Kila mmoja hupimwa kwa pale alipoanzia. Nilikuwa na msichana ambaye darasani hukumsikia sauti. Kwa huduma alichagua kusomesha watoto wa shule ya msingi jirani waliokuwa nyuma katika kusoma. Majuma ya mwanzo walimzoea vibaya, wakicheka na kutoka nje. Hakuna aliyemlazimisha kurudi, naye alirudi. Miezi yake ilipokwisha aliendelea kwenda, na wale watoto wakawa wanamsubiri langoni. Mtihani gani ungenionyesha hilo? Ndiyo maana naipenda kazi hii hata inaponinyima Jumamosi zangu.

Ujuzi achague anachokitaka mwenyewe: ufugaji wa nyuki, kinanda, ushonaji, sataranji. Usimchagulie kitakachopendeza kwenye barua ya kuomba chuo. Kucheza mpira kunahesabiwa kama mazoezi ya mwili, lakini kujifunza urefa ni ujuzi.

Zaidi ya mambo yale matatu kuna safari ya kutembea na kulala nje, na najua hiyo ndiyo inayokutia hofu. Kwa Shaba ni siku 2 na usiku mmoja, kundi la vijana 4 hadi 7, wakijibebea mahema na chakula na kusoma ramani wenyewe. Kabla yake hufundishwa huduma ya kwanza na dira, kisha hufanya safari ya mazoezi. Mkufunzi hatembei nao bega kwa bega, lakini yuko karibu na anajua njia yao. Wakipotea kidogo tunawaacha wajadiliane kwanza. Hapo ndipo yule binti wa kimya alipochukua ramani mikononi mwa wavulana waliokuwa wakibishana na kuwarudisha njiani.

Gharama uliza mapema. Shule nyingine zina mahema na sufuria za kuazima, nyingine humwachia mzazi kila kitu. Kabla hujatia sahihi barua ya ruhusa, muulize kiongozi wa tuzo shuleni nani atakuwa na watoto usiku, gari la dharura litakuwa wapi, na ameshawahi kuipita njia hiyo mwenyewe? Asipokuwa na majibu, subiri msafara unaofuata.