Maswali ya Wasomaji: Intakomu za Kwenye Helmeti, Mbona Sauti Haisikiki?

Toleo lililopita niligusia kidogo tu hizi intakomu za Bluetooth zinazofungwa kwenye helmeti za pikipiki ili muongee mkiwa barabarani, basi simu yangu toka siku hiyo haijatulia. Asanteni sana wote mlioandika. Nimechagua meseji tano ambazo zinabeba maswali ya wengi, na ile ya kwanza nitaijibu kwa kirefu maana nusu ya malalamiko yote yapo hapohapo.

SWALI: Habari kaka. Nimenunua intakomu mbili Kariakoo, moja yangu moja ya shemeji yako, tunasafiri nae sana. Tukisimama sauti ni safi kabisa, tukianza kutembea nikifika 70 hivi sisikii kitu, naongeza sauti mpaka mwisho lakini wapi. Nimeuziwa feki? *Msomaji, Kimara, Dar es Salaam*

JIBU: Pole kaka, ila kabla hujapanda daladala kwenda kugombana na mtu wa watu Kariakoo, fanya kitu kimoja. Vaa helmeti, washa muziki kwenye intakomu, halafu kwa viganja vyote viwili bonyeza helmeti pembeni, usawa wa masikio, kama unaiminya iingie ndani. Sauti ikipanda ghafla basi kifaa chako ni kizima, spika ndo zimekaa mbali na masikio au zimekaa pembeni ya pale zinapotakiwa.

Ukishapita kilomita 65 kwa saa hivi, kelele kubwa ndani ya helmeti sio injini tena, ni upepo, na kwenye mwendo wa barabara kuu huo upepo unapita desibeli 90 bila shida. Spika yenyewe ni kiduara chembamba, nyingi zina upana wa milimita 40 tu. Ikisogea sentimita moja tu kutoka kwenye tundu la sikio umeshapoteza sauti nyingi sana, na hapo hata ungenunua ile ya bei mbaya kuliko zote utalalamika vilevile.

Sasa namna ya kupata sehemu sahihi, hii nilifundishwa na fundi mmoja na mpaka leo sijaona njia bora zaidi. Toa sponji za mashavuni. Chukua chaki au lipstiki ya shemeji (umuombe kwanza), paka kidogo kwenye kile kinyama kinachojitokeza mbele ya tundu la sikio, huku na huku. Vaa helmeti taratibu huku umeitanua kwa mikanda, ikishakaa vizuri kichwani iminye pembeni, halafu vua taratibu. Utakuta alama imebaki ndani, mara nyingi ipo mbele zaidi na chini zaidi ya pale ulipokuwa umebandika spika. Watu wengi tunabandika katikati ya lile shimo la sikio la kwenye helmeti kwa sababu macho yanasema ni pale, kumbe sikio lako halipo katikati. Bandika ile velkro kwenye alama, na kama bado kuna nafasi weka kile kipande cha sponji kinachokuja kwenye boksi nyuma ya spika ili isogee mpaka iguse sikio kidogo bila kuliminya. Ukivaa saa nzima sikio likauma, punguza.

Ila nakuomba sana, kama spika haiingii usichukue kisu ukachimba lile povu gumu la ndani. Lile povu ndo helmeti yenyewe, siku ya kudondoka linapondeka lenyewe ili kichwa kisipondeke, sasa ukilichimba pale pembeni umejiondolea kinga sehemu iliyo jirani kabisa na ubongo. Helmeti isiyo na nafasi ya spika itafutie spika nyembamba zaidi, au badilisha helmeti, na ukinunua mpya ukiona alama ya kiwango cha Ulaya cha usalama wa helmeti, 22.06, ni vizuri zaidi.

Na jingine ambalo watu hawaniamini mpaka wajaribu: vaa vile vizibo laini vya masikioni vya sponji ukiwa safari ndefu. Vinapunguza upepo na vinapunguza spika kwa pamoja, lakini maneno unayasikia vizuri zaidi kuliko bila vizibo, na jioni ukifika masikio hayapigi miluzi.

SWALI: Mimi nasikia vizuri ila wenzangu wanasema kwangu wanasikia upepo tu, vuuu. Tatizo nini? *Msomaji, Iringa*

JIBU: Maiki ndugu yangu. Na hili limenikuta mwenyewe, tena pabaya. Tulikuwa wawili tunatoka Morogoro, tumeingia ile barabara inayokatiza hifadhi ya Mikumi, mwenzangu yuko mbele kama mita 150. Akaniambia "tembo kulia, tembo kulia", mimi nikasikia vuuu, nikamjibu "sema tena", nae anasikia vuuu. Nilimuona yule mnyama ameshatoka kwenye majani anakanyaga lami. Kwa bahati nilikuwa kwenye mwendo unaoruhusiwa pale, nikasimama mbali, lakini magoti yalitetemeka mpaka Mikumi mjini. Tulipovua helmeti tukakuta maiki zetu zote mbili zimegeuzwa, tulifunga usiku kwa haraka.

Maiki nyingi zina upande wa kusikilizia, utakuta kamshale au kadoti, soma karatasi yake uone upande gani unaangalia mdomo maana kampuni hazifanani. Helmeti ya kufunika uso mzima tumia maiki ya kubandika yenye waya mwembamba, ile inakaa ndani ya kidevu, mbele ya midomo kabisa. Ile yenye mkono wa kupinda ni ya helmeti ya uso wazi au ya kufunua kidevu, isogeze karibu na kona ya mdomo kiasi cha kutaka kuigusa. Kale kakofia ka sponji ka kwenye maiki usikatupe, kanazuia upepo, kakipotea tafuta kengine. Na matundu ya hewa ya kidevuni yafunge unapoongea, maana yanapuliza moja kwa moja kwenye maiki.

SWALI: Kiongozi, sisi tuko sita, tunajiandaa kutoka Moshi kwenda Dar. Tumenunua kwenye boksi imeandikwa watu 6. Cha ajabu nikiongea na mmoja wengine hawasikii! Na kuna mmoja wetu ana ya kampuni nyingine kabisa. *Msomaji, Moshi*

JIBU: Hapa boksi halijadanganya ila limewaachia mtafsiri wenyewe. Kwenye intakomu nyingi za bei ya chini ule "watu 6" maana yake kifaa kinakumbuka vifaa sita, lakini kuongea ni wawili kwa wakati mmoja, unabonyeza kuhama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Kabla ya kununua uliza hivi: wote sita wanasikiana kwa pamoja bila kubonyeza kitu? Muuzaji akisitasita umeshapata jibu.

Kuna nyingine za Bluetooth zinaunga watu kama mnyororo, wa kwanza kwa wa pili, wa pili kwa wa tatu. Hizo zinafanya kazi lakini wa katikati akisimama kujaza mafuta mnyororo umekatika, wa mbele na wa nyuma hawasikiani mpaka muunge upya. Ndo maana zikaja za meshi, ambapo kila kifaa kinaongea na vyote vilivyo jirani, mmoja akitoka wengine wanaendelea, akirudi karibu anaungwa mwenyewe. Kampuni ya Cardo walileta ya namna hiyo mwaka 2015 kwa kundi la mpaka watu 15, wapinzani wao Sena wakafuata nayo 2018. Bei yake inauma kweli. Kwa watu sita mnaosafiri mara mbili tatu kwa mwaka mimi nisingewashauri mjitese, ila kwa klabu inayotembea kila wikendi hapo naona inalipa.

Huyo mwenzenu mwenye kampuni nyingine, meshi ya Cardo na ya Sena hazisikilizani. Kinachowezekana ni kuunga kwa Bluetooth ya kawaida, ambapo kifaa kimoja kinamdanganya mwenzake kwamba chenyewe ni simu. Inaungana, ila sauti inakuwa kama ya simu, na mara nyingi anaunganika na mtu mmoja tu. Kwa safari yenu ya sasa mimi ningefanya hivi: anayeongoza aunge na anayefunga msafara, hao wawili ndo wanaohitaji kuongea kuliko wote, wengine wanne wafate kwa ishara za mikono kama zamani. Na muunge siku mbili kabla ya safari, sio asubuhi ile stendi mnasubiriana.

SWALI: Imeandikwa mita 1,200. Mlima Kitonga pale mwenzangu yuko kona moja tu mbele, inakata. *Msomaji, Mbeya*

JIBU: Hizo mita 1,200 zimepimwa sehemu tambarare, hamna mti hamna nyumba, mnaonana kwa macho. Bluetooth inatumia mawimbi ya gigahezi 2.4, hayo mlima hayapiti, na mwili wa mtu unayanyonya kwa sababu ya maji tuliyonayo. Kitonga kona moja tu tayari kuna ukuta wa mwamba kati yenu, hata kifaa cha bei gani kitakata. Halafu intakomu nyingi zinafungwa kushoto, kwahiyo mwenzako akiwa upande wako wa kulia kichwa chako chenyewe kinaziba. Chukua theluthi ya namba ya kwenye boksi ndo ujipangie, na kwenye milima sogeleaneni lakini sio kubanana. Kwa wanaobebana pikipiki moja umbali usiwasumbue hata kidogo, ya bei rahisi inatosha.

SWALI: Hujambo ndugu, mimi ni mtu wa boda na kupeleka vifurushi hapa Mombasa. Helmeti yangu ni ya uso wazi. Wateja wanapiga simu sana kwahiyo simu huwa naichomeka ndani ya helmeti, kando ya sikio. Kuna intakomu ya mtu kama mimi? Na mvua je? *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Sijambo ndugu. Kwanza hiyo simu naomba uitoe leo. Ukianguka ni kipande cha kioo na chuma kimebanwa kwenye fuvu lako, na pia inaisukuma helmeti isikae sawa. Najua kwanini mnafanya, mteja asipopokelewa anaita mwingine, na hiyo ndo riziki ya siku.

Kwako usitazame umbali wala idadi ya watu, hutumii. Tafuta moja tu, ya bei ya chini, yenye maiki ya mkono, betri inayomaliza siku, na kitufe kikubwa utakachokipata bila kutazama hata ukiwa na glavu. Faida yake juu ya zile za kuchomeka masikioni ni kwamba spika inakaa nje ya sikio, honi ya matatu nyuma yako bado unaisikia, ilimradi sauti usiipandishe mwisho. Nyingi zina mpangilio wa kupokea simu zenyewe baada ya kuita kidogo. Ukiuwasha, mwambie mteja "niko barabarani nakupigia", weka pembeni, ndo muelewane nyumba ni ipi. Maelekezo ya kona na geti ukiyasikiliza huku unapenya kati ya magari akili inakuwa kule getini, mikono ipo barabarani Makupa.

Mvua: neno "waterproof" peke yake kwenye boksi usiliamini, tafuta namba. IP67 maana yake vumbi haliingii na inavumilia maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30. Isipokuwa na namba, vua ikianza kunyesha uweke mfukoni, na kale kampira ka tundu la chaji kafunge kila mara maana maji yanaingilia hapo. Chaji kwa adapta ya kawaida ya volti 5, zile za chaji ya haraka baadhi ya vifaa vya bei rahisi vinapata joto sana. Na helmeti usiiache juu ya tangi kwenye jua la saa saba na intakomu ikiwa humo, betri inakufa kwa joto kuliko kwa matumizi. Kama inatoka kwa klipu, itoe uingie nayo kivulini unapokula.