Udi Ule Ule, Vyumba Viwili

SWALI: Ninajifunza kupiga udi. Katika ukumbi wa klabu ya taarab ninakofanyia mazoezi, udi wangu una sauti nzito na laini. Nikiupiga chumbani kwangu, penye kuta za saruji na vyombo vichache, sauti huwa kali, na noti moja ya besi huvuma kupita zote. Je, nibadilishe nyuzi? Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, usiziguse nyuzi kwanza, kwa kuwa dalili unazozieleza ni za chumba. Sikio hupokea sauti itokayo kwenye udi pamoja na ile iliyogonga ukuta, dari na sakafu ikarudi. Na kwa vile sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, katika chumba kidogo marejeo hayo hufika upesi kiasi kwamba sikio huyachukua kuwa ni sauti ya ala yenyewe.

Tuanze na noti inayovuma. Kuta mbili zinazotazamana kwa umbali wa mita 3 huitia nguvu mitetemo ya karibu hezi 57 (yaani mara 57 kwa sekunde), na pia ya hezi 113. Uzi uliokazwa hadi noti ya La ya chini hutetema mara 110 kwa sekunde, jirani kabisa na hiyo ya pili, hivyo chumba huipokea noti hiyo na kuikuza, huku noti za pembeni yake zikikosa msaada kama huo. Mwombe mwenzako aipige mfululizo, nawe utembee polepole kutoka ukutani: itakuwa nene ukutani, itafifia ukifika robo ya upana wa chumba, kisha itanenepa tena katikati. Basi kaa hapo penye robo unapofanya mazoezi.

Ukali wa sauti una sababu nyingine, nayo ni kwamba saruji hainyonyi sauti ila kidogo sana. Mwaka 1895, katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwanafizikia Wallace Sabine alipewa kazi ya kurekebisha ukumbi wa mihadhara ambamo sauti ilidumu zaidi ya sekunde 5. Aliingiza mito ya viti, akaiongeza hatua kwa hatua huku akipima muda, akathibitisha kuwa sauti hudumu zaidi kadiri ukumbi ulivyo mkubwa, na hufa mapema kadiri vitu vinyonyavyo vilivyo vingi. Kwako, busati nene na godoro la sufi lililosimamishwa ukutani vitatosha.

Nakuomba, hata hivyo, usijaze mapazia mepesi, kwani hayo humeza sauti za juu tu na kuiacha besi kama ilivyokuwa, na udi wako utafifia badala ya kulainika. Ukitaka uhakika, upige uwanjani, mbali na kuta. Noti ile ikivuma hata huko, hapo mpelekee fundi.