Mama Hakuwa na Cheo, Nitaandika Nini?

*Shangazi, natumai u mzima. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nakuru ila kwetu ni Vihiga. Mama yetu alifariki Julai mwaka jana akiwa na miaka kama 77. Tuko sita. Desemba hii tunafanya ukumbusho. Kaka yetu mkubwa anataka kaburi lijengewe saruji na vigae, na kijitabu cha rangi cha kurasa 24. Kila mmoja atoe 35,000. Mimi nimepewa kazi ya kuandika maisha ya mama kwa sababu mimi ni mwalimu. Nimekaa na daftari wiki tatu, sijui niandike nini. Mama hakusoma. Hakuwa na cheo hata kanisani. Maisha yake yote ni jembe, ng'ombe mmoja na ndizi za kuuza Chavakali. Kaka amenionya nisiandike mambo ya jembe na kinyesi cha ng'ombe, eti wageni wake kutoka Nairobi watatucheka. Anataka tujaze kurasa na kazi zetu sisi watoto.*

*Siku ya kunyolewa baada ya mazishi, wazee waliuliza nani anamdai mama. Hakuna aliyesimama. Wakauliza nani anadaiwa na mama, wakasimama watu tisa. Mmoja debe la mahindi, mwingine gorogoro tatu (yale makopo ya kupimia) za maharagwe, mama mmoja jembe, kijana mmoja mia mbili za dawa. Kaka akasema wote wamesamehewa, tukaendelea na ratiba.*

*Kuna jambo lingine linalonila. Machi mwaka jana mama alinitembelea hapa Nakuru bila kunipigia simu. Alikuja na kuku aliyefungwa miguu kwa katani. Kuku akachafua kapeti jipya nami nikapandisha sauti mbele ya wageni. Mama hakujibu. Alimchukua kuku akashuka ngazi, akampa soja, mlinzi wa getini. Asubuhi akasema arudi, mahindi yanangoja kupandwa. Sikumwona tena akiwa na nguvu zake. Mwezi Juni alinitumia mboga ya mrenda kwa dereva wa matatu, nikalipa nauli ya mzigo, nikapika. Julai akaondoka. Kaka pia anataka jiko la mama, kile kijumba chake cha udongo cha kupikia, ambalo limefungwa tangu siku ile, libomolewe ili magari yapate pa kuegesha. Nisaidie.*

*Binti wa Vihiga, Nakuru*

Mwanangu, pole. Kwenu shangazi ni senge, na senge ana ruhusa ya kusema yanayowashinda wengine, kwa hiyo nivumilie.

Unasema huna la kuandika. Halafu katikati ya barua, kwa mistari michache uliyoipita mbio kama mtu anayekimbilia matatu ya mwisho, umeniandikia wasifu wote wa mama yako. Watu tisa walisimama kumkiri kwamba anawadai, na hakuna hata mmoja aliyemdai yeye! Mimi nimehudhuria siku za kunyolewa nyingi kuliko arusi. Nimeona wenye magari na maduka wakilala kaburini huku foleni ya wanaowadai ikifika kwenye ua. Mama asiye na cheo akiwa mkopeshaji wa kijiji, hiyo si habari ya kupisha ratiba.

Sasa wewe ni mwalimu, hebu jiulize hesabu hii. Kipande cha shamba cha Vihiga unakijua. Sensa ya 2019 ilikuta huko zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita mraba, na wengi wao ni wakulima waliogawana ardhi ya babu mpaka imebaki mistari. Mwenye shamba la aina hiyo, na watoto sita wa kulisha na kulipia karo miaka ambayo hata shule ya msingi haikuwa bure, alipataje debe la mahindi la kukopesha? Mahindi ya kwenu huvunwa Agosti. Wengi huuza papo hapo, bei ikiwa chini, kwa sababu karo inasubiri. Kufikia Mei ghala ni tupu, shambani mahindi yamefika magotini tu, na gorogoro sokoni imepanda bei mara nyingine karibu maradufu. Anayekuwa na kitu mwezi huo ni yule aliyejinyima Septemba. Kwa hiyo ile gorogoro tatu za maharagwe si wema wa kupita tu. Ni miezi minane ya mtu kupima kwa mkono wake, kuangalia dari la ghala, na kujiambia leo tunapika mboga na ugali mdogo.

Hilo ndilo la kuandika. Na hulijui lote, kwa hiyo weka daftari chini upande gari.

Watafute wale tisa. Beba sukari na majani chai, usiende mikono mitupu kama mtu wa sensa. Na tafadhali usiwaulize mama alikuwa mtu wa namna gani. Watakujibu alikuwa mtu mzuri, mcha Mungu, mkarimu, na utarudi Nakuru na maneno yanayoweza kubandikwa kwa marehemu yeyote kuanzia Luanda hadi Lugari. Uliza ilikuwa mwezi gani. Alikuwa anafanya nini ulipofika? Alipima kwa nini, na alijaza mpaka wapi? Maana gorogoro, wewe wajua, kuna ya kusawazisha kwa kiganja na kuna ya kilima, na mtu humjui mpaka umwone akipimia mwenzake mwenye njaa. Uliza alisema nini akikabidhi. Mama yangu mimi, akimpa jirani unga, alikuwa akisema kwa ukali, "Na usinirudishie huo wa posho mill yenye mawe," ili yule mtu aondoke akidhani ni biashara, si msaada. Nilikuwa namwona mkali. Nilishakuwa na wajukuu ndipo nikaelewa alikuwa akilinda uso wa mwenzake.

Yule mama wa jembe ndiye ninayemngojea kwa hamu. Mkulima hakopeshi jembe hivi hivi. Mpini wa jembe lililotumika miaka mingi hulainika na kushika umbo la mkono wa mwenyewe, ukishika la mwingine unaota malengelenge siku hiyo hiyo. Alikuwa na mawili? Au walikuwa wakipalilia kwa zamu, mmoja alfajiri na mwingine jioni? Mwulize kama bado analo. Kama analo, lipige picha, ukurasa mzima, bila maandishi.

Kuhusu kaka yako, usimgombeze. Hesabu miaka: kama mama alizaliwa karibu 1948, kifungua mimba wake bila shaka alikuwa mwanafunzi mwaka 1984, mvua ilipokataa na nchi ikalishwa mahindi ya manjano kutoka ng'ambo. Wewe ulikuwa mgongoni au hujazaliwa. Yeye ndiye aliyekuwa akibeba mkungu wa ndizi kichwani kwenda sokoni na wenzake wakimwona. Watu wanaoficha jembe mbele ya wageni mara nyingi ndio waliolishika mapema zaidi. Nimewahi kuwa na kaka wa namna hiyo, tukapoteza miaka miwili tukirushiana maneno kuhusu picha moja ya mama akiwa peku.

Mpigie, usimwambie habari ya kijitabu. Mwulize mlikula nini 1984. Kisha nyamaza, hata kama simu inakula pesa. Atakachosema, andika jinsi alivyosema, na umwombe yeye mwenyewe akisome siku hiyo mbele ya hao wageni wa Nairobi. Nusu yao, ninakuhakikishia, mama zao wako shambani sasa hivi wakikata majani ya nepia ya ng'ombe. Kazi zenu ninyi watoto zipewe ukurasa mmoja mwishoni, majina na vyeo, imetosha. Daktari na mhandisi hawahitaji kutangazwa kwenye kaburi la mama.

Nije kwa kuku.

Sitakudanganya kwamba hukumuumiza. Mtu aliyefunga safari kutoka Vihiga mpaka Nakuru na kuku mapajani, akipita Kisumu na Kericho, akimnywesha maji kwa kifuniko cha chupa kwenye stendi, halafu akafokewa juu ya kapeti, ameumia. Kumpa soja yule kuku lilikuwa jibu, na lilikufikia, ndiyo maana mpaka leo unakumbuka ngazi.

Lakini umeniandikia jambo lingine ukaliacha kama risiti: Juni alituma mrenda, ukalipa nauli ya mzigo, ukapika. Mwanangu, umewahi kuchuma mrenda wa kutuma? Mboga ile haingoji. Ukiichuma jana leo imenyauka, kwa hiyo huchumwa alfajiri umande ukiwa bado juu yake, jani kwa jani, na majani yenyewe madogo, mfuko mmoja ni saa nzima ya kuinama. Kisha aupeleke mfuko barabarani kabla matatu ya kwanza haijapita, amsihi dereva, amtajie jina lako na stendi yako. Kwa miaka 77, mwezi mmoja kabla ya kufa. Ninabahatisha, ila nadhani ndani ya mfuko kulikuwa na kichupa cha munyu, ile chumvi ya majivu ya maganda ya maharagwe, kwa sababu mama wa kwenu hatumi mrenda bila kitu cha kuulainishia, akijua ninyi wa mjini mtautia magadi ya dukani na kuuharibu. Kama kilikuwepo, tayari umetabasamu.

Mtu mwenye kinyongo hatumi mrenda. Ugomvi wa kuku uliisha Juni, kwa upande wake. Uliobaki ni upande wako, na huo sijui dawa yake nyingine ila kuusema. Uandike kwenye kijitabu, kuku na kapeti na soja, kisha mrenda. Utaona aibu. Ndugu zako wataona afadhali, kwa sababu kila mmoja wao ana kuku wake ambaye hajamtaja kwa mtu. Soja kama bado yuko getini, mwulize naye. Huenda mama alimwambia kitu akimkabidhi, na huenda yeye soja alimla kuku siku hiyo hiyo. Vyote ni habari.

Kaburi, sina ubishi mkubwa. Udongo wa kaburi hutitia misimu ya kwanza ya mvua na saruji ikiwekwa mapema hupasuka, kwa hiyo kungoja mwaka na zaidi mmefanya vyema. Vigae mimi sivipendi, vinanikumbusha bafu, lakini si mama yangu. Ila tu mkumbuke kwamba 35,000 mara sita ni 210,000, na yule kijana alidaiwa mia mbili za dawa mpaka akasimama mbele ya umati kuzikiri. Kama kuna ndugu kati yenu ambaye hana, asikope ili aonekane.

Jiko ndilo linalonifanya niandike haraka. Usikubali libomolewe kabla hujaingia wewe mwenyewe. Magari yaegeshwe kwa jirani. Mama aliwakopesha, hawatakataa. Nasema hivi kwa sababu mkulima wa umri ule hakununua mbegu zake zote dukani. Mahindi ya mbegu alichagua mwenyewe, yaliyojaa punje mpaka ncha, akayamenya maganda nusu na kuyafunga mawili mawili juu ya mafiga, moshi uyakaushe na kuwafukuza fukusi. Mrenda na mboga ya saga, mbegu zake ni ndogo sana, huwekwa kwenye kitambaa kilichopigwa fundo na kuchomekwa kwenye paa au kwenye chungu kilichopasuka mdomo. Mtu anayebomoa haoni hayo. Anaona masizi.

Nenda kabla ya Desemba, mchana, na tochi, maana jiko la udongo lina giza hata saa sita. Kwanza simama tu, macho yazoee. Usiangalie chini kwenye majivu, angalia juu, kwenye boriti, nyuma ya boriti, kwenye pembe ambapo paa linakutana na ukuta. Pangusa masizi polepole. Kila fundo la kitambaa lishushe bila kulifungua mpaka ufike kwenye mwanga. Ukikuta hindi, punje za katikati ndizo za kujaribu, zile za ncha ziache. Hesabu kumi, zifunge kwenye kitambaa kibichi, uzikague baada ya siku tano, kisha uniandikie zimeota ngapi.