Ekadanta si "Jino Moja"

SWALI: Ninaandaa vibao vya maelezo kwa maonyesho ya sanamu za miungu ya Kihindi. Yule mungu mwenye kichwa cha tembo, kwingine naona ameandikwa Ganesh, kwingine Ganesha. Na jina lake jingine, Ekadanta, limefasiriwa "Jino Moja". Nifuate lipi?

JIBU: Kwanza hilo neno lako "Kihindi". Mhindi ni mtu wa India au mwenye asili ya huko, awe Mwislamu, Singasinga au Mkristo. Mfuasi wa dini hii ni Mhindu, kwa hiyo andika "miungu ya Kihindu". Sanamu nazo zibaki sanamu. Ukisema "masanamu" umeshatia dharau.

Ganesh na Ganesha ni jina lilelile. Kisanskriti, lugha ya kale ya India, hutamka a ya mwisho, Kigujarati cha leo, lugha ya Wahindu wengi wa huku kwetu, huidondosha, ndiyo maana kwa Wahindu wa Mombasa au Dar es Salaam utasikia pia miungu Rama na Shiva wakiitwa Ram na Shiv. Kwa kibao cha Kiswahili ningeandika Ganesha, Rama, Shiva, maana maneno yetu hupenda kuishia na irabu. Angalia tu dh: ya Radha, jina la mungu wa kike, ni d yenye pumzi, si dh ya dhahabu.

Ganesha ni gana, yaani kundi la wafuasi wa Shiva, na isha, bwana. A ikikutana na i huzaa e, kama ma-ino yanavyokuwa meno.

Sasa meno yenyewe. Eka ni moja, danta ni jino, lakini "Jino Moja" imekosea mara mbili. Jino refu la tembo kwa Kiswahili ni pembe. Msomaji atamwazia kibogoyo, ilhali sanamu inaonyesha pembe moja nzima na nyingine iliyovunjika, mara nyingi kipande chake kikiwa mkononi. Tena jina halitaji jino, linamtaja mwenye jino. Kisanskriti huunganisha maneno mawili na kumwachia msikilizaji aelewe huyo mwenye. Kiswahili lazima kimtaje. Basi: "Mwenye pembe moja ya tembo". Usiikate "ya tembo", watu watamfikiria kifaru (na kifaru wa India kweli ana pembe moja).

Vivyo hivyo Nilakantha, jina la Shiva, ni "Mwenye koo la buluu", na Padmanabha, jina la Vishnu, ni "Mwenye yungiyungi kitovuni". Ila usibandike "mwenye" kila mahali. Tazama neno la mwisho la jina: likiwa kiungo au kitu alicho nacho, tumia "mwenye", likiwa cheo chake mwenyewe, tumia kihusishi -a. Nataraja huishia na raja, mfalme, hivyo ni "Mfalme wa wacheza ngoma".

Jambo moja wanaoandika vibao hulisahau: "mkono wa kulia" ni wa kulia kwa mungu, si kwa mtazamaji. Kwa Vishnu kosa hilo linabadili jina. Ana mikono minne na vitu vinne: kombe la baharini, gurudumu, rungu na yungiyungi. Vitu vinne hupangika kwa namna 24, na kila mpangilio una jina lake. Hesabu kuanzia mkono wake wa kulia wa chini, panda wa kulia wa juu, vuka kushoto juu, malizia kushoto chini.