Bei kwanza, ngoma baadaye

Swali la wiki mmeuliza hivi: sherehe za chakula zinamsaidia mkulima au zinamsaidia mwenye meza tu? Mi nasema mwenye meza, mara nyingi, na sisemi kwa kusikia. Nshawahi kukaa upande wa wakulima kwenye sherehe moja ya namna hiyo, tukapangwa nyuma kabisa karibu na jenereta, moshi wote wetu na kelele zote zetu, huko mbele wanauza vitu vilivyotengenezwa kwa mazao kama yetu kwa bei ambayo sisi tuliishia kuikodolea macho. Lakini siwezi kusema zote ziko hivyo, kuna moja inanikataza, ya chokoleti, iko Belize kule Amerika ya Kati, wilaya ya Toledo, kusini kabisa unapokaribia Guatemala.

Sijafika, niseme mapema nisije nikaulizwa picha. Nimeifuatilia tu kwa kuisoma, tena kwa wivu. Inafanyika mwezi wa tano kwenye mji wa Punta Gorda, wenyewe wanauita PG, ilianza 2007 ikiwa tamasha la kakao la Toledo halafu jina likakua likawa la Belize nzima. Mtaa wa karibu na bahari unajaa meza na ngoma, sawa, hilo hata kwingine lipo. Tofauti ni kwamba anayekuonjesha chokoleti na aliyepasua tunda la kakao wanatoka wilaya hiyohiyo, pengine hata nyumba moja. Wengi wao ni Wamaya, wenyeji wa asili wa huko, wa makabila ya Waq'eqchi' na Wamopan, watu ambao kakao kwao sio zao la biashara lililoletwa na mgeni. Kule Colha, kaskazini mwa nchi hiyohiyo, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta vyombo vyenye mdomo kama birika, ndani vina masalia ya kakao ya karibu miaka 600 kabla ya Kristo. Yaani walikuwa wanainywa kabla Ulaya haijajua hata kama kuna mti unaitwa hivyo.

Na wanainywa mpaka leo, chungu, haina maziwa wala mbwembwe: punje zimekaangwa, zimemenywa, zimesagwa juu ya jiwe, maji, labda na pilipili manga kidogo. Kazi yenyewe kabla ya hapo ni ndefu bana. Unapasua tunda, ndani kuna nyama nyeupe tamu inayozunguka mbegu (watoto wanaifyonza, na kwa kweli ndio sehemu tamu pekee ya mti mzima), af mbegu zinafunikwa zichachuke siku tano, sita hivi, ndio zinaanikwa. Ukikosea kuchachusha, hakuna mpishi wa Paris atakayekuokoa, ladha ya chokoleti inaanzia pale shambani kwenye lile sanduku linalonuka siki. Sasa mtu akiyaona haya yote yanafanyika mbele yake, kwa mikono ya mwenye shamba, anaelewa analipia nini. Hapo ndo naona sherehe inaanza kumfaa mkulima.

Nenda Perugia, Italia, wana Eurochocolate tangu 1994, kubwa, watu wanamiminika, na siwalaumu, ni watengenezaji wa siku nyingi na wanaijua kazi. Ila shamba la kakao hamna pale, mti wenyewe unataka joto na unyevu wa kwetu huku karibu na ikweta, baridi ya huko hauiwezi. Kwa hiyo mkulima hayupo hata kwa kukaa nyuma ya jenereta.

Ila sasa wadau msije mkakimbilia kuchapisha mabango. Tamasha la Toledo halikuwatoa watu kwenye shida, lilikuja shida ikiwa imeshashikwa pembe. Mwanzoni mwa miaka ya 90 bei ya kakao iliporomoka, watu walikuwa wamehamasishwa kupanda, wengine na mikopo juu, ikafika mahali matunda wanayaacha yaozee mtini kwa sababu kuvuna ni hasara. Ndipo kampuni ya Uingereza, Green & Black's, ikaingia mkataba na chama cha wakulima wa Toledo, na 1994 ikatoa chokoleti ya Maya Gold, bidhaa ya kwanza Uingereza kubeba alama ya Fairtrade, yaani biashara ya haki kwa mkulima. Mwaka 2001 kimbunga Iris kikapiga kusini kule, mashamba yakalala chini, wakapanda tena kwa sababu walijua kuna mtu atanunua. Hesabu mwenyewe, toka chokoleti hiyo itoke mpaka tamasha ni miaka 13.

Na muziki, nisiusahau maana ndio ungenipandisha ndege. Toledo kuna Wagarifuna pia, kizazi cha Waafrika na wenyeji wa visiwa vya Karibi, Waingereza waliwafukuza kisiwa cha St Vincent 1797. Ngoma zao ni mbili, segunda inashika mdundo haiondoki, primero inacheza juu yake inavyotaka na kubishana na mchezaji, ni kama vumi na chapuo, ukisikia mara moja tu mguu unajibu. Marehemu Andy Palacio aliyeupeleka muziki huo duniani alizaliwa Barranco, kijiji cha wilaya hiyohiyo. Kwa hiyo hata jukwaani hawahitaji kukodi mtu wa mbali, wakati sie kwenye ile sherehe yetu fungu kubwa la bajeti lilienda kwa msanii aliyeimba nyimbo mbili akaondoka.

Kwa hiyo mhariri, akija mtu kwenu na wazo la sherehe ya zao fulani, mi ningemuuliza mawili tu. Mnunuzi ameshasaini bei na wakulima? Na jenereta mtaiweka wapi?