Kuhariri hadithi ya Twine nje ya Twine

Twine, programu ya kuandikia hadithi ambazo msomaji huchagua njia, iliyotolewa na Chris Klimas mwaka 2009, inapendeza hadithi shirikishi yako ikiwa bado changa. Vifungu, yaani vipande vya hadithi, vikishafika mia na ushee, ile ramani ya visanduku na mishale huwa msitu. Unataka kupitia jina la mhusika kila linapotokea, au kuhariri sura nzima mfululizo, na huna budi kufungua kisanduku kimoja kimoja. Hapo ndipo wengi hulifungua faili la HTML, lile ambamo Twine huhifadhi hadithi, kwa Notepad na kuanza kuchokonoa.

Msifanye hivyo. Ndani ya faili lile kila kifungu kimefungwa kwenye lebo iitwayo tw-passagedata, na alama zako zimegeuzwa: < imekuwa &lt;, alama ya kunukuu imekuwa &quot;, na ng'ombe yumo kama ng&#39;ombe. Ukimtafuta humpati.

Ligeuze kwanza liwe Twee, yaani maandishi matupu, ambamo kila kifungu huanza na :: kisha jina lake. Mimi hutumia Tweego, programu ndogo ya bure inayoendeshwa kwa amri unazoandika kwenye terminal:

tweego -d -o hadithi.twee hadithi.html

Hariri hadithi.twee kwa programu yoyote ya maandishi matupu; VS Code inatosha kabisa. Ukimaliza unairudisha iwe HTML:

tweego -o hadithi.html hadithi.twee

Kifungu kiitwacho StoryData kiache kilivyo. Kina IFID, kitambulisho cha hadithi yako, pamoja na jina na toleo la mtindo unaoiendesha, kama Harlowe au SugarCube.

Sasa kazi yenyewe, na hapa Kiswahili kina mitego yake. Tuseme unataka Ali awe Omari. Ukiamuru badilisho la jumla, kila sentensi inayoanza na "Alikuwa" itageuka "Omarikuwa", na "Aliondoka" itakuwa "Omariondoka". Kuzingatia herufi kubwa hakukusaidii, kwa sababu sentensi nazo huanza kwa herufi kubwa. Washa chaguo la kutafuta neno zima, kisha pitia moja moja badala ya kubadili zote kwa mkupuo. Asha naye amejificha ndani ya "washa" na "kuwasha". Angalia pia vigeu, yaani majina yanayoanza na $ ambayo hadithi hutunzia thamani: ukibadili $ali mahali pamoja, ubadili kila unapotumika, la sivyo mchezo utasoma kigeu kisichowahi kupewa thamani.

Majina ya vifungu yanahitaji uangalifu zaidi. Ndani ya Twine ukibadili jina la kifungu, viungo vinavyokielekea hufuata vyenyewe. Nje ya Twine hakuna wa kukufanyia hivyo. "Nyumba ya Ali" ikiwa "Nyumba ya Omari" kwenye mstari wa ::, basi kila kiungo kama [[Ingia ndani->Nyumba ya Ali]] inaelekea kwenye kifungu kisichokuwepo. Tafuta jina la zamani katika faili zima kabla hujafunga.

Halafu kuna ritifaa. Ukiandika kwenye Word, ' iliyonyooka hugeuzwa ’ iliyopinda. Machoni ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, na kiungo cha "Ng'ombe wa Babu" hakitafika. Word ni nzuri kwa barua; kwa hadithi hizi iweke kando. Na ndani ya amri za hadithi yenyewe tumia alama za kunukuu mbili: "ng'ombe" inapita, lakini 'ng'ombe' inakatika katikati.

Ukitumia Twine ya kusakinisha, ifunge kabla ya kugusa mafaili yaliyo kwenye folda yake. Huyasoma inapofunguka, halafu huandika juu yake kila unapobadili kitu, kwa hiyo ulichohariri nje kinaweza kufutika kimyakimya. Wanaotumia ile ya kwenye kivinjari, hadithi yenu imo ndani ya kivinjari chenyewe. Ukisafisha data zake, imekwenda. Toeni nakala kwenye faili kila mnapoacha kazi.

Mimi siku hizi sirudi tena Twine nikishahamia Twee. Kwenda na kurudi ndiko huzaa matoleo mawili yanayogombana, na kuyapatanisha kwa mkono ni adhabu. Ramani naitumia mwanzoni, hadithi inapotafuta umbo. Baada ya hapo Tweego peke yake, na folda nzima chini ya Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko, ili nione mstari gani ulibadilika lini.