Usiuze enlaja kwa sababu ya macho

Juzi kijana mmoja wa Tanga aliniandikia. Amepimwa, ana presha ya macho, na mkewe anamshauri auze enlaja, ile mashine ya kuchapishia picha za filamu, na trei zote za dawa zikiwa bado na bei. "Kaka, wewe unawezaje?" Tuliongea kwenye simu mpaka salio likakata. Najua wapo wengine wanaojiuliza hivyo hivyo, ndiyo maana naandika.

Mimi ugonjwa umenila pembeni. Nikikutazama nakuona uso, lakini mlango ulio kando yako siuoni. Kwenye mwanga hafifu ndiyo balaa: ile taa nyekundu ya chumba cha giza kwangu ni doa tu ukutani. Studio niliyokuwa nafanya kazi hapa Dar, bosi alipojua, akanihamishia mapokezi niandike risiti. "Kazi hii ni macho, bwana," alisema, tena mbele ya wateja. Vijana niliowafundisha mwenyewe kuvingirisha filamu kwenye spuli wakatazama chini. Sijasahau. Na mwezi uliopita familia moja imezungusha negativu za harusi ya bibi yao mjini kote, zikaishia mikononi mwangu. Picha zimetoka, bibi kalia. Naomba niishie hapo.

Halafu hiyo filamu yenyewe huvingirishwa kwenye giza totoro. Mle ndani bosi na mimi tuko sawa.

Kilichonitesa kweli ni fokasi. Dawa yake ikawa kuchagua saizi moja tu ya karatasi, sentimita 20 kwa 25. Rafiki mwenye macho mazima alinisaidia kuipata fokasi kali, nami nikachukua tupa nikakwaruza nguzo ya enlaja pale kichwa kinaposimama, na mkwaruzo mwingine pale lenzi inapokomea. Lenzi ileile, urefu uleule, fokasi ileile. Ukucha ukinasa, nakaza skurubu. Kisha nafungua tundu la lenzi mpaka mwisho na kulibana ka, ka, ka: kutoka f/2.8, tundu kubwa, nipo f/8, tundu dogo, ambapo kosa dogo la fokasi humezwa.

Upande wa dawa wa karatasi naujua kwa mdomo. Nalowesha midomo kidogo, nagusa pembe itakayokatwa. Unaonata ndio wenyewe. Kwenye trei, devalopa, dawa inayoitoa picha, inateleza kama maji ya sabuni. Ya katikati, inayoisimamisha devalopa, nainunua ile ya asidi ya asetiki, si ya sitriki isiyo na harufu, kwa sababu ikinuka siki pua inanijulisha nilipo. Chovya kidole kimoja tu, usuuze. Dawa hizi zinawasha ngozi za watu. Joto la Dar linaharakisha devalopa, kwa hiyo trei naikalisha kwenye beseni la maji ya barafu nikitafuta nyuzi 20, na karatasi ya picha iliyopakwa plastiki naipa dakika moja. Sekunde nimejirekodi nikizihesabu. Simu inabaki nje ya pazia, ikihesabu kwa sauti. Kioo kikiwaka ndani, karatasi imeungua.

Wa kuniambia kama weusi umekolea ni binti yangu. Nakata ukanda wa majaribio, naupiga mwanga sekunde 4, 8, 16, 32, tunatoka nao nje kwenye jua, yeye anachagua. Kuazima macho ya mwanao si aibu. Aibu ni kukaa sebuleni unalia wakati mikono unayo.

Na mpangilio, ndugu zangu! Mkasi una msumari wake. Koleo la fiksa, dawa ya mwisho inayoifanya picha idumu, limefungwa kamba, la devalopa halina. Hakuna anayeingia chumbani kwangu akahamisha kitu, hata mama watoto. Watu wanatupa vitu hovyo halafu wanasingizia macho. Panga. Ukishapanga, panga tena.

Matone nayo usiruke hata siku moja. Presha ya macho ikishakula haitapiki. Matone yanalinda kilichobaki. Wapeleke na ndugu zako wa tumbo moja wakapimwe, maana ugonjwa huu hutembea kwenye ukoo, tena kimya kimya, bila maumivu.

Wewe wa Tanga, anza na mikwaruzo ya tupa wiki hii, wakati fokasi bado unaiona mwenyewe. Mwambie shemeji enlaja haiuzwi. Akishikilia sana, usiipeleke kwa wa vyuma chakavu, nipigie mimi. Yangu imeanza kulegea shingo.